Mbao za Haji na Kitanda cha Shangazi

Alhamisi, Aprili 1969. Mvua ya masika haijakata tangu alfajiri, na moyo wangu umeshinda mzito.

Nimechoka kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Haji, mume wangu, ni seremala. Mwaka jana sakafu ya chokaa ilipopasuka huku ghorofani, jikoni na msalani, saruji ilikuwa haipatikani. Akanunua sokoni Darajani mbao za kiwandani: juu tabaka jembamba la msaji, chini mbao nyepesi zilizogandishwa kwa gundi. Akazipanga, akazisugua, akazipaka vanishi zikang'ara. Tulizipenda, mimi wa kwanza. Wanawake wa mtaani walipanda ngazi kuja kutazama choo! Haji akawa anatembea kama bwana harusi.

Lakini msalani kwetu ni pa maji. Hapo tunatawadha, tunakoga, tunajisafisha kwa kopo. Haji akatoa amri: maji kidogo, na kila atokaye apige kitambaa. Nimefuta mpaka magoti yamesagika, na mbao zimevimba vilevile. Karibu na pipa la maji zimeinuka, ukizikanyaga maji yanachuruzika kwenye maungio.

Leo, Haji alipotoka, nimeingiza kisu nikang'oa ubao mmoja. Chokaa ya chini imekuwa uji. Nikaigusa boriti iliyobeba sakafu, kidole kikazama.

Chini ya boriti hiyo ndipo analala Shangazi.

Bi Mwanaidi ni shangazi yake Haji, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kitanda chake kiko chini ya pipa letu kabisa. Mbona sikusema mapema? Kwa sababu karakana ya Haji ilifungwa, na mbao hizi ndiyo kazi pekee anayowaonyesha watu siku hizi. Akikasirika namuweza. Akinyamaza simuwezi.

Nikashuka. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Nikapita, nikasimama kama niliyepigwa na kitu. Pale palipokuwa na kitanda pana beseni, limejaa vumbi la chokaa na maji machafu.

"Nshakihamisha zamani," akasema, huku anacheka. "Chokaa ilikuwa yaniangukia chandaruani. Nkanyamaza, ntamvunjaje moyo mwanangu? Na wewe usimwambie."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kulia pia. Kumbe sote wawili tunamsitiri mtu mmoja, kila mmoja kivyake, na nyumba inaoza kwa heshima zetu!

Ndipo nikatazama alikokipeleka kitanda. Amekisogeza ukuta wa pili, safi, kimetandikwa shuka nyeupe. Nikainua macho kwenye dari. Doa la maji, kubwa kama sinia.

Juu yake ni jikoni kwangu. Hapo ndipo ninapokosha mchele na vyombo kila siku, juu ya mbao zile zile. Yeye amekimbia maji ya pipa, mimi nikamfuata na maji ya sufuria.

Sikumweleza. Nimemwambia ngurumo zinanitisha, apande akalale nami, Haji atalala ukumbini. Amenicheka, mwanamke mzima naogopa mvua, lakini amekuja. Sasa amejilaza kitandani kwetu na tasbihi yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi na Shangazi tulikuwa tunayaficha maradhi ya sakafu ya Haji, na kitanda kilichokuwa kinangojwa na kifo ni cha Shangazi.

Haji akirudi atauliza kwa nini kahamishwa chumbani kwake. Maneno bado sijayapata, na naogopa uso wake utakavyokuwa. Lakini ubao nimeuacha pale pale umeng'oka, shimo liko wazi, maji yametapakaa msala mzima, sikuyafuta, ajionee mwenyewe.

Kitambaa cha kufutia nimekitupa nje dirishani.