Mstari wa Chini ya Karatasi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Mama hajambo? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechafuka.

Kazi yangu unaijua: kukagua yanayoandikwa kwenye mtandao wa kampuni yetu na kufuta uchochezi. Kabla ya uchaguzi bosi alitupa orodha mbili. Uzushi dhidi ya chama anachokipenda tuufute ndani ya saa moja. Dhidi ya wapinzani wake, "usubiri". Uzushi kwamba muuguzi mmoja, mfuasi wa wapinzani, ameiba kura ulisubiri siku tisa. Nyumba yake ikachomwa.

Sasa ameishtaki kampuni. Wao wanasema mtandao wao ni ubao wa matangazo tu, aulizwe aliyeandika. Wakili wake anatafuta shahidi, na orodha zile ninazo. Nikisema, kazi sina. Nifanyeje, Baba?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, mashine ya chapa imenuna, na mama yako anatucheka sote wawili.

Unakumbuka ulivyojifunzia kusoma kwenye ule mstari mdogo chini ya kila karatasi niliyochapa? Jina langu na mtaa wetu. Nilichapia vyama vyote, na aliyekasirika alijua mlango wa kugonga.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mwaka uliozaliwa, mteja alileta karatasi ya kumchafua mwalimu aliyegombea udiwani. Nilijua ni uongo. Nikaichapa, mstari nikautoa. Mwalimu alishindwa, akahama. Siku ya kuondoka alipita dukani kuniaga. Akasema, "Fundi, niliikagua ile karatasi, jina lako sikuliona. Nilifurahi sana kwamba si wewe."

Nikampa mkono. Aibu ile ninayo hadi leo.

Sikulazimishi, binti yangu. Chumba chako kipo, hatujakipangisha.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki. Wakili alinikataza kuandika chochote kesi ikiendelea.

Alitaka kunificha jina, niitwe "shahidi wa tatu" tu. Nikakataa. Nilisimama nikataja jina langu lote, na lako likiwemo. Wakili wa kampuni akaniuliza, ubao una kosa gani kwa kilichobandikwa juu yake? Nikamjibu, "Ubao hauchagui cha kubandua kwanza. Sisi tulichagua, na orodha hizi hapa."

Jana hakimu aliamua: kampuni inawajibika. Muuguzi alinikumbatia hadi kitambaa changu cha kichwani kikaanguka. Kazi nimefukuzwa, na wala sijainamisha kichwa. Nafika Jumamosi.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake! Mama yako anamsomea barua yako kila anayeingia dukani. Mmoja alifuata kopi ya cheti tu, ameondoka anaijua kesi nzima. Najivunia wewe, na sioni haya kujisifu kwa majirani.

Umenitia nguvu. Nimeitafuta anwani ya mwalimu, nikamchapia karatasi ya kumwomba radhi. Nakala nimeibandika mlangoni pa duka, watu wasome. Mashine ilikwama mara mbili, nikaisubiri. Chini nimeurudisha ule mstari nilioutoa, jina na mtaa, na safari hii nimeongeza maneno matatu. Ndiyo sahihi yangu hapa pia.

Baba wa shahidi