Ngege wa Rumonge Walivyomponza Mpishi

Kwa Dada Mwajuma, Ujiji.

Amahoro, dada! Ndivyo tunavyoamkiana huku Rumonge, nami nimeshajifanya mwenyeji.

Bwana Mkubwa wangu, yule Mdachi, aliamuru kila ufuko uchimbe bwawa na kufuga samaki wake: Magara kambale, Rumonge ngege. Juzi tulipitia Magara, kisha tukaja Rumonge, kutazama nani kamshinda mwenzake. Sasa, huku mgeni hapokewi mikono mitupu. Mama mmoja akaniletea kapu zima la ngege wanono, nami mpishi nikawakaanga kwa mawese. Bwana akala mpaka akalegeza mkanda.

Kisha akasema, “Haya, nionyesheni bwawa.”

Bwawani mlikuwa na chura mmoja tu. Nikarudi nyuma hatua mbili, maana kikaango kilikuwa changu.

“Samaki wako wapi?” akafoka.

Yule mama akajibu kwa adabu zote, “Bwana, samaki yote iko mu tumbo yako.”

Ushindi wamepewa Magara, wachoyo wale, ambao hawakutupa hata mkia wa kambale. Na zawadi yao? Wachimbe bwawa la pili! Rumonge wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Wabusu wanao. Ukisikia Mdachi anagawa zawadi, dada, mpikie haraka.

Nduguyo mpishi