Ukurasa, Kinyozi Wetu, na Ukuta Uliopakwa Chokaa

Mwaka umetimia leo, mjukuu wangu, mume wangu wa utani, tangu moyo wako usimame ukiwa mlangoni pa kibanda chako cha kunyolea, unakung'uta nywele za mteja kwenye kitambaa. Mteja mwenyewe alikuwa bado kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Alikuja mazishini hivyohivyo, kofia kichwani, akasema hataki mtu mwingine ammalizie.

Wameniambia tangazo la kumbukumbu kama hili huandikwa kwa upole. Upole ninao, wewe unajua kuliko wote. Lakini mwaka huu nimekasirika, na nitakueleza wewe, wengine wasikie.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mke wako alipofariki akijifungua, na mtoto akaenda naye, ulilala ukaugeukia ukuta. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Ulisema huoni sababu ya kuamka. Nikachukua kile kitabu cha mke wako kisicho na jalada, kilichokuwa kinazuia dirisha lisijifunge, nikavaa miwani, nikakaa pembeni ya kitanda, nikasoma kwa sauti. Mimi husoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ilikuwa hadithi ya mwanamke fundi taa. Siku zikapita hujasema neno. Halafu mchana mmoja, ukiwa bado umenipa mgongo, ukasema, "Bibi, umeruka mstari."

Nilikuwa nimeruka kweli. Kesho yake nikaruka mwingine kwa makusudi. Ukageuka, ukaninyang'anya kitabu, ukasema ninakuharibia hadithi. Siku hiyo ulikula, ukaomba na chai.

Ulipofungua tena kibanda ukaweka sharti lako: anayesubiri zamu amsomee anayenyolewa ukurasa mmoja, ndipo naye akalie kiti. Wakakupa jina, Ukurasa, kwa kukucheka, likabaki kwa kukupenda. Asiyejua kusoma ulimwambia asimulie mlipoishia, na muuza mkaa alikuwa akiongeza yake, anamwoza huyu, anamwua yule, mpaka kibanda kizima kinabishana. Mara ngapi ulimwondolea mtu ndevu alizotaka kubaki nazo, kwa sababu hadithi imenoga na mkono umejisahau! Wakaguna, wakarudi.

Ukachora. Ukuta wote nyuma ya kiti uliupaka rangi ya mafuta, ukautia mtaa wetu: dada yako kwenye cherehani, saa kubwa ya sokoni, mke wako anavuka barabara amemshika mtoto mkono. Yule mtoto sisi tulimwona amefumba macho tu. Wewe ulimpa macho, ukampa viatu, ukamtembeza.

Na ulichora kinyume. Gurudumu la cherehani liko kushoto, namba za saa zimegeuka. Dada yako alikucheka akasema cherehani kama ile angeshonea kwa mgongo. Ukamkalisha kitini, ukamwelekeza kwenye kioo. Mle kiooni kila kitu kilikuwa sawasawa. Ulisema mtu anayekaa pale kwa uoga, asijue utamnyoaje, anastahili kuwa na kitu kizuri mbele ya macho, na kitu hicho kimtazame yeye, si wapita njia. Dada yako akabaki kitini mpaka wateja wakaanza kukohoa.

Sasa nikwambie kilichonikasirisha. Kabla arobaini haijaisha, baba yako mdogo, mwanangu wa kumzaa, alikikodisha kibanda kwa watu wa mchezo wa kubahatisha. Walitaka ukuta mweupe wa kubandikia matangazo. Akaupaka chokaa kwa mkono wake. Mkeo, mtoto, saa, dada yako, vyote. Vitabu akavitupa nje, vikalowa. Nilipomwuliza, alijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyefagia uwanja.

"Mama, ule mchoro wote ulikuwa umekosewa. Hata saa inarudi nyuma."

Nikamwuliza, "Wewe uliwahi kukaa kwenye kile kiti?"

Akatazama chini. Hajawahi. Yeye hunyolewa penye viyoyozi. Miaka yote hiyo alikuwa akipita mlangoni, anachungulia, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Na mbele ya jeneza lako ndiye aliyesema vitabu vilikupotezea maisha. Nilikaa kimya kwa sababu ya wageni. Leo najibu: maisha yako yalikuwa yamekwishapotea, na ni vitabu vilivyoyarudisha, nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kitabu.

Kiti na kioo tulivibeba mimi na dada yako, viko barazani petu. Vitabu tulivianika, vimevimba lakini vinasomeka. Mwenye zamu anasoma, dada yako ananyoa, vibaya, na watu wanakuja. Na fundi rangi ameniambia chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ndoo ya maji na brashi, itatoka, na uliowachora watakuwa palepale chini yake.

Wanaokukumbuka ni bibi yako, dada yako mshonaji, wakwe zako, muuza mkaa, ambaye amekuozesha upya kwenye hadithi zake, na mteja wako wa mwisho, aliyevua kofia nywele zilipoota zote.

Baba yako mdogo ameomba awemo kwenye orodha hii, kwa kuwa watu watauliza. Hayumo. Aje barazani akae kitini asomewe ukurasa mmoja, kisha abebe ndoo akauoshe ule ukuta. Brashi ninayo mimi, imening'inia mlangoni. Akishaona mtoto wako ametokea, mwakani nitamwandika, tena juu ya jina langu.

Tutakukumbuka siku zote, Ukurasa, na tutakukumbuka kwa sauti.