Gurudumu la Mbele

Alhamisi, Nsambya

Siku nane nzima nimetembea kwa miguu, na sikuthubutu kuwaambia wenzangu kituoni kwamba mwizi amemwibia polisi baiskeli mlangoni kwake. Wangenicheka mpaka nistaafu.

Leo nimeipata! Nilikwenda soko la Nakawa kutafuta sabuni. Sabuni haikuwepo, bila shaka, lakini kwa fundi mmoja Mkongomani nikaona kiti cha baiskeli kimevishwa kitambaa cha maua mekundu, kile mke wangu alichokata kwenye gauni lake la zamani la gomesi akakishona kwa mkono. Fremu wameipaka rangi ya kijani, kiti wakakisahau. Wajinga!

Fundi alipoiona sare yangu akanisukumia baiskeli mwenyewe. "Afande, mi nilinunua tu kwa mtu. Beba."

Nikabeba. Jina la huyo mtu sikuuliza. Siku hizi ukiandika jina la mtu, wale majasusi wa serikali wa miwani nyeusi wanaweza kumchukua asirudi tena. Baiskeli haina thamani hiyo.

Na jinsi walivyoitengeneza! Breki zinashika, mnyororo mpya, na gurudumu la mbele jipya kabisa, ambalo nimelitafuta madukani mwaka mzima bila kuliona. Nimeimba njia nzima.

Ila pale relini, jamaa mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu, kama mimi jana, alilikodolea macho gurudumu lile kana kwamba amemwona ndugu yake aliyepotea. Nikakanyaga pedali mbio, mimi na sare yangu, kama mwizi.

Kesho nitapitia njia ya hospitali, mbali na reli.