Kona Aliyoichagua Karani

Chumba cha mbele, nyumbani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, niruhusu nikutajie sauti moja, kwa kuwa imenikaa masikioni tangu mwezi uliopita, na bila hiyo nadhani barua hii ingekuwa nyingine kabisa. Ni sauti ya fimbo ya Babu. Unaijua ilivyo: ko, ko, ko, juu ya saruji, fimbo ya mtu asiyekimbizwa na yeyote. Siku hiyo ilitoka chumbani kwake, ikaja mpaka kwenye pazia la sebule, ikanyamaza. Kisha ikarudi ilikotoka.

Sasa nikusalimu vizuri. U hali gani, na kifua chako kinavumiliaje baridi ya huko? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka Baba akaona afadhali akate, upumzike. Huku tu wazima. Baba bado anazunguka na lori lake kutoka ghala hadi ghala, na akirudi hulala na viatu miguuni. Mama ana kazi ya kufa mtu. Ni msimu wa sare za shule, na sebule imejaa vitambaa hata mgeni akikaa lazima apakate suruali ya mtu. Mimi nasahihisha miswada ya watu papa hapa nyumbani, kama ulivyoniacha.

Karani hajambo. Najua ndiye uliyetaka kumsikia kwanza, ila ungeona aibu kuuliza. Amenenepa. Tangu ulipotuachia sungura huyu ukapanda ndege, ametafuna mguu wa meza, waya wa redio, na ukurasa mzima wa shukrani wa mwandishi mmoja ambaye mpaka leo sijamwambia. Jina ulilompa linamfaa. Hakuna karatasi inayompita hivihivi.

Utakumbuka tulimweka chumba cha mbele pamoja na Babu, ili mzee asikae peke yake mchana. Sasa wamependana, lakini miezi ya kwanza ilikuwa ya taabu. Karani alijisaidia popote alipojisikia, na zaidi nyuma ya lile sanduku la zana ambalo Babu alikataa kuliacha alipofunga karakana yake. Harufu ikawa inatoka chini ya mlango. Mama, ambaye wateja wake hupimwa nguo sebuleni, aliniambia kwa upole wake ule wa kutisha kwamba mnyama ni wa wifi yake na wifi yake anampenda, lakini kitambaa cha mtu kikinuka mkojo, upendo hautakifua. Ajifunze, au atafutiwe kwao kwingine.

Nikafanya ninachofanya siku zote, yaani nikasoma. Nikanunua beseni pana, nikatandika magazeti yaliyochanwachanwa na kuweka nyasi kavu pembeni, kwa kuwa sungura hupenda kutafuna huku anajisaidia. Beseni nikaliweka karibu na mlango wa chumba, mahali ninapoweza kufagia bila kusogeza kitu. Kila alipokosea nilimbeba nikampeleka. Kila jioni nilisugua beseni kwa sabuni na siki mpaka likang'aa. Karani alilitazama kama mtu anavyotazama kiti alichoandaliwa bosi, akaenda zake nyuma ya sanduku.

Babu alikuwa akitutazama kutoka kwenye kiti chake. Siku moja nimepiga magoti nafuta sakafu, nanung'unika kwamba sungura huyu hana adabu, akaniita kwa jina lake la utani.

"Mke wangu," akasema, "huyu adabu anayo. Choo mmemwekea njiani. Nani atachuchumaa huku watu wanapita?"

Nilicheka. Yeye alicheka kidogo tu, kisha akageukia dirisha.

Akaniagiza nitoe msumeno na vipande vya mbao vilivyo chini ya kitanda. Mikono yake hutetemeka siku hizi, hata kikombe cha chai hatukijazi, lakini ikishika msumeno inatulia. Akaunda sanduku pana lenye kimo kifupi, na upande mmoja akaukata chini zaidi, akisema mwenye kitambi hapaswi kuruka ukuta ili aende haja. Tukatandika nailoni ndani, juu yake magazeti, tukaliweka nyuma ya sanduku la zana, palepale nilipokuwa nikimkataza. Kosa la siki nililigundua mwenyewe. Kila jioni nilikuwa nikiiondoa harufu ambayo ingemwonyesha kwamba pale ni pake. Nikaanza kubakiza konzi moja ya karatasi za jana kila ninapobadilisha. Kabla mwezi haujaisha Karani alikuwa akienda mwenyewe, anakaa humo kwa utulivu, masikio yamelala mgongoni. Ungemwona ungejivuna.

Ndipo yakatokea ambayo hukuambiwa kwa ukamilifu. Karani alijifunza, na harufu ikabaki.

Mama ndiye aliyejua kwanza. Alitoa godoro la Babu uani, akaligeuza juani, akarudi kwenye cherehani. Siku nyingine ukawa mto wa kiti. Siku nyingine tena nikamkuta Babu ameketi na koti lake zito mapajani, na jua kali nje. Mpaka hapo kila kilicholoa tulikuwa tumemsingizia sungura, na Babu alituacha tumsingizie. Baada ya hapo hapakuwa tena na wa kusingiziwa.

Daktari wa zahanati akatuambia ni uzee. Baba akakupigia simu. Najua mliyoongea, kwa kuwa nilikuwa jikoni naosha vyombo na Baba akiwa na uchungu husema kwa sauti. Mlisema mzee amerudi utotoni, na kwamba katika ile nyumba ya kulelea wazee kuna watu waliosomea kazi hiyo. Sikuwalaumu, Shangazi, na sasa siwalaumu. Ulilia, nilikusikia kupitia simu ya Baba. Nafasi ikapatikana, na mimi nikaagizwa niende nikaithibitishe, kwa sababu wa kushinda nyumbani ni mimi.

Jioni ya siku iliyotangulia safari hiyo nilikuwa sebuleni namsaidia Mama kukunja pindo. Mke wa muuza nyama alikuwa amesimama na shimizi, mikono juu, Mama anamzungushia futi ya kitambaa, wanaongea habari za mtu aliyeoa kwa siri na kila mtu anajua. Fimbo ikaja. Ko, ko, ko. Ikafika kwenye pazia. Mke wa muuza nyama hakushtuka, Mama hakuinua kichwa. Mimi nikasubiri pazia lifunguke, nalo halikufunguka. Fimbo ikarudi. Na hapo, nikiwa na sindano mkononi, nikasikia tena maneno aliyoniambia Babu juu ya sungura.

Hebu ikumbuke nyumba yetu. Chumba cha mbele ndicho kikubwa, chenye dirisha la barabarani. Babu alipohamia kwetu, wewe ndiwe uliyesema kwamba mzee hawezi kulala chumba cha uani kama mpangaji, na sote tukaona umesema sawa. Lakini kutoka chumba cha mbele hadi chooni hakuna njia isipokuwa sebule. Na sebuleni, tangu asubuhi mpaka jioni, yumo mkwe wake, na kando ya mkwe wake mwanamke fulani aliyevua gauni.

Nilipomwendea Babu nilikuta koti limeshafika mapajani. Nikakaa chini karibu na kiti. Sikujua mtu humuulizaje babu yake jambo kama hilo, kwa hiyo nikaingilia kwa utani, nikamwambia mume wangu, mbona unarudia njiani kama mdaiwa?

Alilivuta koti juu zaidi. Karani alikuwa kwenye sanduku lake, anatafuna.

"Nipite vipi?" akasema hatimaye. "Nikohoe kwanza? Nikikohoa, wanavaa, wananisimamia, wote wanajua mzee anakwenda wapi. Nikitoka, nikohoe tena. Kwa siku mara ngapi? Basi nasubiri waishe. Wengine hawaishi."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema angemwambia nani, mkwe wake? Chumba amepewa kwa heshima, na heshima huwezi kuirudisha dukani kwamba imekubana.

Halafu akaniuliza, bila kunitazama, nyumba ile ya wazee iko mbali kiasi gani. Kumbe alijua. Nadhani alijua tangu siku ya simu ile, na alikuwa ameshaanza kuipanga misumari yake kwenye makopo kwa ukubwa, kama mtu anayesafisha meza kabla ya kukabidhi kazi.

Shangazi, simfananishi Babu na mnyama. Nilipojaribu kumweleza Mama nilianza vibaya, nikamtaja Karani kwanza, akaniambia nichunge ulimi. Lakini nilipofikia mke wa muuza nyama alisimamisha cherehani. Alikaa na mguu juu ya kanyagio, haukanyagi. Akasema polepole kwamba hata yeye, alipokuwa bibi harusi kwenye nyumba ya zamani ya Babu, alikuwa akisubiri baba mkwe aondoke ukumbini ndipo aende kuoga, na kwamba hakuwahi kufikiri aibu ile ina njia ya kurudi. Kisha akafunika uso kwa sare ya mtoto wa mtu.

Sikutaka kungoja kikao. Asubuhi iliyofuata, kabla sijaenda nilikotumwa, Mama hakupokea mteja. Tulihamisha vitu vyangu huku mbele, na kitanda cha Babu tukakipeleka chumba changu cha uani, kile kidogo, ambacho mlango wake unatazamana na mlango wa choo. Sanduku la zana tukaliburuta sote wawili. Sanduku la Karani likafuata, likawekwa nyuma yake vilevile, na konzi ya karatasi za jana ndani. Karani alizunguka, akanusa, akaingia. Babu naye alizunguka. Alipima upana wa mlango kwa mkono wake, akagonga ukuta, akasema chumba ni kidogo ila kimejengwa vizuri. Kesho yake akapigilia ubao ukutani wa kujishikia.

Sitakudanganya kwamba amepona uzee. Siku aliyokuwa na homa godoro lililoa tena, na yako majina ambayo huyatafuta na hayaji. Wiki hii ameniita kwa jina lako. Lakini koti limerudi msumarini, na asubuhi nasikia fimbo ikitoka, ikienda, na ikifika.

Mama anakusalimu sana, na anasema gauni lako la kijani limeisha, anatafuta mtu wa kukuletea. Baba anakusalimu. Msalimie mume wako, uwabusu mapacha, na mwambie yule mkubwa kwamba jino liking'oka huota lingine, asilie. Babu ameniomba niandike kwamba unapaswa kuvaa soksi. Mungu akutunzie kifua, akupe na utulivu wa moyo utakapofika mwisho wa barua hii, kwa sababu yaliyobaki ndiyo niliyoogopa kuyaandika.

Kule nilikotumwa, nilikwenda. Ni nyumba nzuri, nisiseme uongo. Ina bustani, na mpokezi ana sauti ya upole. Alinifungulia daftari akaniuliza kama tunaithibitisha nafasi. Kando yangu alikuwa ameketi mwanamume mwenye koti la mlinzi, amekuja kumwombea mama yake nafasi akaambiwa pamejaa. Nikamwambia mpokezi aifute ya Babu, ampe yule. Sikukupigia simu kwanza, wala Baba. Baba nilimwambia jioni aliporudi. Alikwenda uani, akasimama kwenye mlango wa chumba kidogo, akamtazama baba yake anamlisha sungura. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata anapokwenda kinyume nawe.