Maneno ya Mama Kwenye Kanga ya Birika

Kwa Fundi Otmar,
Barazani, Maganzo,
Njia ya Mwadui,
Shinyanga.
21 Agosti, 1955

Mpendwa mdogo wangu Febronia,

Natangaza kwa heshima zote, kwa ndugu, jamaa na wakata mkonge wote wa Tanga, kwamba mama yetu mzazi, Paskalia, amepata kanga mpya. Aliyekaa asimame, mwenye kofia aivue.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Shikamoo yako nimekwisha kuiitikia tangu nilipochovya kalamu, maana nakujua, ungejifanya umesahau. Shemeji Selestine yu mzima? Kile kikohozi chake kimepoa? Na watoto je? Sisi huku hatujambo. Mimi tu mgongo unalalamika na tumbo linatangulia. Mwaka huu nimeisogeza cherehani mbele mara mbili, na Mektilda wangu anasema mwakani nitakuwa nashonea barabarani.

Sasa tuje kwenye kanga yenyewe.

Mwezi wa sita lilifika hapa robota la kanga mpya, na wanawake wakaniletea niwakatie na kuwapindia kama kawaida. Unanijua: napinda, sisomi. Kanga inapita chini ya sindano jina lake likiwa miguu juu, nami nawaza ugali. Nikapinda doti baada ya doti namna hiyo. Basi siku moja Mageni, yule muuza nyanya asiyeisha maneno, akajifunga yake palepale, akanigeuzia mgongo. "Fundi, tazama kama umeipinda sawa au umenionea." Nikatazama. Imeandikwa: CHAKO NIMEKUBAKIZIA.

Febronia, mguu wangu uliganda juu ya kanyagio.

Maneno hayo unayajua. Tangu baba aondoke Ushirombo kwenda kuchimba dhahabu Geita asirudi, wewe ukiwa hujang'oa meno ya utoto, mama hajawahi kupakua chakula bila kumwekea baba sahani yake na kuifunika. Hata tulipohamia huku akaanza kuwapikia michembe ya viazi vitamu watu wa mgodini, sahani ile haikukosa kuwekwa. Anayechelewa kuliko wote ndiye anayeipata, na mama humwambia maneno hayohayo, vilevile kama angemwambia baba. Mama yetu asiyejua A wala B! Maneno yake yamechapwa ng'ambo, yamevuka bahari, yamepanda treni, sasa yamekaa kiunoni kwa Mageni. Nikayasoma mara ya pili na ya tatu, na Mageni akadhani kweli nimeharibu upindo.

Nikakimbia kumwambia mama. Kwa mwendo wangu, usicheke. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Nani kayavaa?" Nikamwambia, mayu, wamevaa wengi, wengine wanawatupia vijembe wake wenza, wengine wanapita nayo mbele ya wapenzi wao. Jioni akapakua, akagawa, akafunika chungu. Sahani ya baba hakuiweka. Wala kesho yake, wala siku zilizofuata, na waliochelewa waliondoka na njaa zao.

Mwisho wa juma akaniita. "Otmar, nenda kaniletee maneno yangu. Yalikuwa ya mtu mmoja."

Ningefanyaje? Nilikuwa na koti la karani mmoja aliyeniachia nibadilishe bitana. Nikalivaa ili nipate sura ya mtu wa madai. Lilikubali kufunga kifungo kimoja tu, nacho kwa shida. Nikapanda lori mpaka mjini kwa Bwana Karsan, anayeagiza kanga zile, nikasimama mbele ya meza yake nikasema kwa sauti ya padri, "Bwana, umechukua mali ya mama yangu."

"Kaa kwanza, fundi," akasema. "Kifungo hicho kitamtoa mtu jicho. Unakunywa chai?"

Akatandika kanga mezani. Pembeni, karibu na upindo, pana picha ndogo ya birika. Mimi niliyezipinda zote sikuwahi kuiona. "Birika hii ni yangu," akasema. "Nimeiandikisha Dar es Salaam kuwa alama ya biashara yangu. Mwingine akiitia kwenye kanga zake, namshtaki. Lakini maneno si yangu." Akavuta kanga nyingine kutoka chini ya meza, maneno yaleyale, ila alama yake ni samaki. "Hii ni ya mwenzangu wa Mwanza. Mwizi mkubwa! Nilikwenda kwa wakili karibu nilie. Unajua alinijibu nini? Wimbo mzima una mtunzi wake, kitabu kina mwenyewe, lakini maneno mawili matatu ya kusemezana hayafungiwi kabatini. Ukimpa mtu hayo, kesho atatokea wa kudai 'habari za asubuhi', nchi nzima tuamkiane kwa kulipa. Angeniibia birika, angekiona. Mimi nimelipa kuambiwa hivyo, wewe nakupa bure."

"Sasa wewe uliyatoa wapi?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo. Mwaka juzi lori lake liliharibika njia hii yetu. Alishinda na njaa mpaka jua likazama, maana yeye hali nyama, na kila alipouliza chakula aliletewa nyama. Mama mmoja aliyekuwa anafunga vyungu vyake akamwita, akafunua sahani ya michembe na karanga, akamwambia, "Chako nimekubakizia."

"Hanijui," Karsan akasema, "wala hakujua kama nakuja. Nilijiuliza njia nzima, aliniwekeaje?"

Nikainama kunywa chai, kifungo kikakatika.

Basi nikarudi mikono mitupu, nikamweleza mama yote: birika, samaki, wakili, lori. Alisikiliza akichambua karanga.

"Huyo mtu alishiba?"

"Anasema alishiba, mayu."

"Na kanga zake zinafika wapi?"

"Kote. Biharamulo, Buseresere, Geita."

"Geita?"

"Geita pia. Huko amepeleka marobota."

Akaacha karanga. "Baba yenu," akasema, "anajua kusoma."

Hapa Maganzo nimewaambia wateja kwamba Karsan alitishwa na koti langu, akamletea mama doti ya kumwomba radhi. Na kwa ulimi wa Mageni, habari hiyo inaweza kufika Tanga kabla ya barua hii. Usiiamini. Ukweli ni kwamba Karsan hakuleta kitu, na koti halikumtisha mtu. Mama alikwenda sokoni mwenyewe kwa fedha yake ya michembe, mimi nyuma nimebeba kikapu. Muuzaji alikuwa na za samaki na za birika. "Chukua ya samaki, bibi, ni nafuu, na maneno ni yaleyale." Mama hajui kusoma, lakini birika aliiona. "Nipe ya huyu," akasema. "Huyu alikula kwangu." Muuzaji hakuelewa kitu. Akamwuliza kama anajua maana ya jina la kanga ile. Mama akamjibu, "Nimewahi kuyasikia hayo."

Jioni ileile aliiweka sahani ya baba, akaifunika, na aliyechelewa akala.

Doti ni vipande viwili, kama ujuavyo. Kimoja anacho kiunoni. Cha pili nimekupindia, safari hii nikisoma kila herufi, na kimo ndani ya kifurushi hiki. Nilimwuliza mama nikuandikie maneno gani kutoka kwake. Akanitazama kwa huruma. "Kwani hayajaandikwa?"

Mektilda na watoto wanakusalimu. Nisalimie sana shemeji Selestine, na Justa mdogo umbusu mashavu yote mawili. Mungu awape afya, awape mvua, na siku moja awape nauli ya kuja kutuona.

Ni mimi kaka yako, akupendaye kwa moyo wote na anayetafuta kifungo cha karani,

Otmar