Kidokezo cha Kumi na Nne Kilimfutia Mwalimu Kazi

Bibi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana ikipita hiyo nitakuwa nimemkosesha mtu mzima kazi, na mwenyewe hajui kwamba ni mimi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika ofisi ya watu tisa, na nilipoanza nilikuwa nasahau kila kitu, kwa hiyo nikawa najiandikia vidokezo, amri gani ya kuandika skrini ikiganda, kosa fulani maana yake nini, vikafika sitini, wenzangu wakaviona wakavitaka, nikaviweka kwenye mtandao wa ofisi, na sasa mtu akikwama anapaza sauti tu, "Mama Vidokezo, namba ngapi?" nami najibu bila kugeuka, "Ishirini na mbili!" na nakwambia kweli bibi, raha yake sijui niifananishe na nini.

Miezi miwili iliyopita tukaletewa mwenzetu mpya, baba wa miaka hamsini na tatu, amefundisha hesabu shuleni miaka ishirini na sita kisha akajifunza kazi yetu ukubwani, tunamwita Mwalimu, na bado yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Kwa siku tisa alikuwa anaandika sehemu yake ya programu ya kupanga zamu za wauguzi, na siku zote hizo hakuipeleka ghalani, yaani kwenye hifadhi ya pamoja ambako sisi hupeleka kazi kila saa hata ikiwa mbovu, kwa sababu yeye kwa ualimu wake anaona aibu kukabidhi kitu ambacho hajakisahihisha. Jumatatu kompyuta ikamgomea, akafungua vidokezo vyangu, akakuta kwenye namba kumi na nne nimeandika, "Mambo yakishindikana kabisa, andika amri hii, kila kitu kitakaa sawa." Akaandika. Na kweli kikakaa sawa bibi, kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa siku tisa nyuma, kwa sababu amri ile hufuta chochote ambacho hakijafika ghalani, na mimi huitumia kila wiki bila madhara, maana kupeleka kazi ghalani kwangu ni kama kupumua, sikuwahi kufikiria kwamba ni jambo la kuandika.

Mwalimu akasimama akasema, "Jamani, nimeharibu. Nimebonyeza nisichokijua." Jirani yake akamtania, "Umezoea, Mwalimu! Kipindi kikiisha, unafuta ubao!" Wote wakacheka, naye akacheka, nami nikacheka, na pale ndipo nilipopaswa kusema, sikusema. Kibaya zaidi, mchana nilifungua kidokezo cha kumi na nne nikaongeza kimyakimya, "Peleka kazi ghalani kwanza," kana kwamba mstari ule ulikuwepo tangu zamani. Leo Jumanne Mwalimu ameandika barua ya kuacha kazi, anasema umri umemshinda, mwisho wake Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo mkuu wetu ameitisha kikao cha kunipandisha niwe kiongozi wa kikundi, kwa sababu ya vidokezo! Bibi, nimwandikie barua isiyo na jina? Au ninyamaze nimtafutie kazi kwingine?

Mimi, Mama Vidokezo

BIBI ANAJIBU

Marahaba. Barua za wengine nimezisukuma nyuma, mhariri amenung'unika, ananung'unika kila wiki. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mimi shule niliishia darasa la nne na sioni haya, maana kwa darasa hilohilo nimeshona sare za shule miaka thelathini na nne na hakuna mtoto aliyepasukiwa suruali mbele ya wenzake. Habari za ghala na amri nimemuuliza mjukuu wangu wa kike, ambaye kazi yake ni kama yako. Nilimwambia, "Nieleze, na usinitupie maneno makubwa." Akanieleza vizuri. Alipofika pale ulipoongeza ule mstari wako, akaanza kubana kicheko.

"Bibi, wenzake wanaweza kuona."

"Kuona nini?"

"Kila kilichobadilishwa. Nani kabadilisha, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Huandikwa pembeni palepale."

Nilicheka mpaka sindano ikanitoka mkononi. We mtoto! Katika dunia hii yenye makabati, mashimo na magodoro, wewe umekwenda kuficha kitu kwenye maandishi yanayojisema yenyewe, na ndiyo kazi unayolipwa kuijua!

Na mimi yalinikuta. Nilikuwa nachora shati kwenye boksi, nalikata liwe kipimo cha kukatia kitambaa, naandika juu yake "kata hapa". Mkono wangu ulikuwa unajua kuacha upana wa kidole kimoja wa kushonea, kwa hiyo sikuandika. Akaja fundi mpya, mama mwenye wajukuu, akakata palepale nilipoandika. Mashati arobaini, yote ya kuvalisha wanasesere! Akasema macho yake yamechoka. Mimi na majivuno yangu nikamwacha aamini hivyo siku mbili nzima, nakunywa chai naye, namtazama. Siku ya tatu nikamwambia. Alinisema hadi majirani wakatoka kusikiliza, kisha akachukua kalamu akaandika kwenye kila boksi, "Acha kidole kimoja." Tulishona pamoja miaka kumi na moja baada ya hapo.

Kwa hiyo sikia. Kuandika kidokezo chenye pengo ni kosa la kazi, kila fundi linampata. Kumwacha baba wa watu aende nyumbani akiamini amezeeka, kwa sababu ya mstari uliouruka wewe, hilo ni baya na ni lako peke yako. Barua isiyo na jina? Upuuzi! Ofisi ya watu tisa, vidokezo vya mtu mmoja, hata paka wa mlinzi atajua imetoka kwa nani. Na kazi ya kwingine usimtafutie, hajakuomba.

Mwite pembeni, umwambie, "Mwalimu, kidokezo changu kilikuwa na pengo. Nililiona, nikaliziba kwa siri, nikakuacha ubebe aibu." Ishia hapo. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na wa kubembelezwa ni yeye. Akikasirika, mwache akasirike hadi amalize. Kisha nenda kwa mkuu, na baada ya hapo useme mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndipo mlipomcheka. Wakikunyima cheo, basi. Vidokezo sitini bado umeviandika wewe, na mimi kama ningekuwa na kompyuta ningevitaka.

Usivifute. Virekebishe. Kila kimoja kianze na kinachotakiwa kufanywa kwanza. Amri inayofuta kitu, andika kwa herufi kubwa inafuta nini. Tia tarehe, maana mjukuu wangu anasema mambo yenu huchacha haraka kuliko maziwa. Na usirudie kumwandikia mtu "kila kitu kitakaa sawa". Umekuwa mganga?

Kisha mwombe Mwalimu abaki, avipime vyote sitini. Yeye afuate ulichoandika neno kwa neno, wewe ukae kando umefunga mdomo. Hata ukikuwasha, funga! Kila atakapokwama, hapo pana shimo. Mtu aliyewaelewesha watoto hesabu miaka ishirini na sita ndiye hasa mliyekuwa mnamhitaji, mkamwona anafaa kutaniwa habari za ubao.

Na yeye nina lake la kumwambia: siku tisa, baba, siku tisa! Peleka kazi ghalani hivyohivyo na makosa yake, huko hakuna wa kukupa sifuri.

Nimemaliza. Gazeti hili linatoka Alhamisi, naye anaondoka kesho. Kutoka kwenye kiti chako hadi kwenye meza yake hazizidi hatua kumi.

Haya, inuka.